Kabla ya kuchora ukuta, tengeni fungu la kuutunza

Siku ya uzinduzi si kipimo cha sanaa ya umma, maana siku hiyo kila mchoro unapendeza. Kipimo ni mwaka wa tano: je, wakazi bado wanauelekezea wageni, au rangi imebabuka na hakuna anayejua wa kumlalamikia?

Kwa maoni yangu, mji hufaidika na sanaa pale tu wanaoishi nayo wanapoulizwa mapema, na pale utunzaji unapolipiwa. Msanii kuwa na jina kubwa hakuondoi sharti hilo. Mwaka 1981 mchongaji Mmarekani Richard Serra alisimamisha bamba la chuma la Tilted Arc katika uwanja wa majengo ya serikali jijini New York. Lilikuwa na urefu wa mita 36 hivi na lilipita kimo cha mtu mara mbili. Wafanyakazi waliozoea kukatiza uwanjani ikabidi walizunguke. Mwaka 1985 pakaitishwa vikao vya hadhara, na mwaka 1989 likakatwa na kuondolewa.

Jiji la Philadelphia, Marekani, lilishika njia nyingine. Mpango wao wa michoro ulianza mwaka 1984 ndani ya juhudi za kupambana na maandishi ya ukutani, na vijana waliokuwa wakiyaandika wakapewa kazi ya kuchora. Baadaye walieneza mbinu ya kitambaa chepesi cha sintetiki: mchoro unagawanywa vipande, kila eneo linaandikwa namba ya rangi yake, na vipande vinapakwa mezani, shuleni au hata gerezani, kisha vinabandikwa ukutani kwa jeli ya akriliki. Hata asiyeweza kupanda jukwaa anaweka mkono wake. Naiona ni mbinu bora kuliko mikutano kumi ya kukusanya maoni.

Sasa ukuta wenyewe. Adui mkubwa ni maji yanayotoka nyuma ya rangi, na mvua inayopiga mbele ina madhara madogo kuliko hayo. Bandika karatasi ya nailoni ya sentimita 45 kwa 45 ukutani, ziba kingo zote kwa utepe wa gundi, iache usiku kucha, saa 16 hivi. Ukikuta matone upande wa ndani, usipake chochote. Tafuta kwanza bomba linalovuja au mfereji wa paa ulioziba. Maji hayo hubeba chumvi za saruji hadi juu, zinaganda kama unga mweupe na kuisukuma rangi hadi ivimbe. Unga huo hukwanguliwa ukiwa mkavu, kwa brashi ngumu, kwa kuwa ukiuosha unaurudisha ndani. Lipu mpya nayo iachwe siku 28 kabla ya praima, yaani rangi ya msingi.

Rangi hazichakai sawasawa juani. Nyekundu na njano za udongo, zenye oksidi ya chuma, hudumu miaka mingi. Waridi kali na zile za neoni hupauka mapema, na uso wa mtu aliyechorwa ukabaki wa kijivu. Wengi hukimbilia vanishi ya kuzuia maandishi. Ni nzuri, lakini isiyopumua, yaani isiyopitisha mvuke, ikipakwa juu ya ukuta wenye unyevu inaharakisha kubabuka.

Miji mingi hutenga asilimia 1 ya gharama za ujenzi kwa ajili ya sanaa; Philadelphia yenyewe iliweka sheria ya namna hiyo mwaka 1959. Shida ni kwamba fedha hizo mara nyingi huishia kwenye kununua kazi. Jijini Chicago, sehemu ya chini ya Cloud Gate, sanamu ya chuma inayoakisi kama kioo, inayofikiwa na mikono ya watu, hufutwa kwa mkono kila siku, na anayeifuta lazima alipwe. Mimi ningefungia pembeni angalau sehemu moja ya kumi ya bajeti tangu mwanzo. Mkataba nao utaje nani anakagua kila mwaka, nani anarekebisha, msanii anaarifiwa vipi jengo likiuzwa, na mchoro utadumu miaka mingapi kabla wakazi hawajaamua upya kama wanautaka.