Jino bovu kabla ya mionzi: ling'olewe au liachwe?

Saratani ya mdomo, ulimi au koo inapogunduliwa Moshi au Arusha, mazungumzo ya familia huwa ni nauli, bima, na nani atamsindikiza mgonjwa. Meno hayatajwi. Mtu anamaliza mionzi, anarudi nyumbani na shukrani, kisha baada ya miaka miwili au mitatu gego la chini linaanza kumsumbua. Analing'oa kwenye kliniki ya jirani, na kidonda hakifungi. Miezi inapita, mfupa wa taya unaonekana wazi mdomoni, usaha unatoka. Madaktari huita hali hiyo kufa kwa mfupa kutokana na mionzi, na kwa kawaida huithibitisha mfupa ukikaa wazi takriban miezi mitatu bila kupona, baada ya kuhakikisha kwamba saratani haijarudi.

Kwa hiyo madaktari wa meno wamegawanyika juu ya la kufanya kabla tiba haijaanza. Upande mmoja unasema ng'oa kila jino lenye mashaka. Upande wa pili unasema okoa kila linalookoleka.

Wanaotaka kung'oa wana hoja nzito. Tiba kamili ya saratani hizi kwa kawaida hufika grei (kipimo cha dozi ya mionzi) 60 hadi 70, zikigawanywa kwa siku tano za wiki kwa muda wa wiki sita au saba. Mfupa uliopokea zaidi ya grei 60 ndio ulio hatarini zaidi, na taya la chini huumia mara nyingi kuliko la juu kwa sababu ni gumu, limeshikana, na damu yake hupita njia chache. Mionzi huharibu mishipa midogo ya damu na chembe zinazojenga mfupa. Jeraha ambalo zamani lingepona kwa wiki mbili sasa halina cha kulijenga upya. Na hatari hii haina tarehe ya mwisho. Haipungui hadi kuisha eti kwa kuwa miaka kumi imepita. Juu ya hapo, mionzi inayogusa tezi za mate hukausha mdomo, na mdomo mkavu huozesha meno kwa kasi ya kutisha, hata yale yaliyokuwa mazima.

Upande wa pili nao haubahatishi. Kung'oa kunahitaji muda wa kupona, angalau siku 10 hadi 14, na wengi hupendelea wiki tatu. Saratani haisubiri kwa adabu. Mgonjwa aliyechelewa kufika hospitali, kama wengi wetu tunavyochelewa, hana wiki za kupoteza kwa ajili ya magego manane. Halafu kuna chakula. Mtu asiye na meno hatafuni makande wala nyama, na anaingia kwenye tiba inayokondesha. Wanaotetea kung'oa hujibu kwamba mtori upo. Upo, lakini mtu aliyekaukiwa mate hupata shida kumeza hata mtori, na meno bandia yakikwaruza fizi kavu yanaweza kufungua kidonda kilekile tulichokuwa tunakikimbia. Kinywa kitupu si bima.

Mimi naegemea kung'oa, lakini kwa mpaka. Magego ya chini yaliyo ndani ya eneo litakalopigwa mionzi, yenye usaha kwenye mzizi, yanayotikisika au yaliyooza hadi ndani, yatoke mapema iwezekanavyo. Jino zima la mbele, au la juu lililo mbali na eneo hilo, libaki. Naegemea huko kwa sababu ya mahali tulipo. Katika nchi ambako mgonjwa anaonwa na daktari wa meno kila baada ya miezi mitatu, jino la mashaka linaweza kuachwa likifuatiliwa. Mgonjwa wa Rombo au Longido aliyetibiwa hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza, akirudi nyumbani mara nyingi haonwi tena na daktari wa meno hadi aumwe. Uamuzi unaotegemea ufuatiliaji usiokuwepo ni uamuzi mbaya, hata kama vitabu vinauunga mkono.

Mionzi ikishapita, mzozo hubadilika, na hapa naona hofu imezidi. Wapo watoa huduma ambao wakisikia tu neno mionzi hukataa kugusa jino, na mgonjwa anazunguka na maumivu na dawa za kupunguza maumivu. Uchambuzi wa Nabil na Samman wa mwaka 2011, uliokusanya tafiti nyingi, ulikuta takriban asilimia 7 ya waliong'olewa meno baada ya mionzi ndio waliopata kufa kwa mfupa. Si hatari ndogo, lakini si hukumu pia. Na jino lenye usaha lililoachwa linaweza lenyewe kuusababishia mfupa kufa. Likiweza kutibiwa mzizi na kukatwa sehemu ya juu, mizizi ikabaki ndani, hiyo ndiyo njia ya kwanza. Likishindikana, ling'olewe hospitali kubwa, na mtu anayejua kuifanya kazi hiyo taratibu: meno machache kwa siku, mfupa uguswe kidogo, fizi ishonwe, mgonjwa apewe antibayotiki na aitwe tena.

Ndugu hunisikitisha wanapouza mali ili kumpeleka mgonjwa kwenye chumba cha oksijeni yenye shinikizo, wakiamini kitazuia mfupa kufa. Imani hiyo ilitokana hasa na utafiti wa Robert Marx wa Marekani wa mwaka 1985, ulioonyesha tofauti kubwa kati ya waliopewa oksijeni hiyo na wasiopewa. Lakini jaribio la HOPON la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2019, lilikuta takriban asilimia 6 waliopata tatizo kila upande, wenye oksijeni na wasio nayo. Kwa kuzuia tu, shamba lisiuzwe.

Kuna jambo moja la huku kwetu. Watu waliokulia Maji ya Chai na miteremko ya Meru, wakinywa maji yenye madini mengi ya floridi, wana meno ya kahawia na wameichukia floridi kwa haki kabisa. Mgonjwa wa namna hiyo akipewa jeli ya floridi kali baada ya mionzi, huiweka kabatini. Daktari asimkemee. Amweleze kwamba maji ya utotoni yaliharibu meno yalipokuwa yakijengwa ndani ya taya, ilhali jeli hupakwa juu ya jino lililokwisha kukomaa, kisha hutemwa. Kwa mtu asiye na mate, jeli hiyo ndiyo ulinzi mkubwa uliobaki dhidi ya kuoza.

Na karatasi ya kuruhusiwa hospitali iandikwe kwa manufaa ya daktari wa meno pia: eneo lililopigwa mionzi, jumla ya grei, taya lipi, tarehe ya mwisho. Mistari minne inatosha. Bila hiyo, daktari wa hospitali ya Mawenzi au Mount Meru anayeangalia gego linalouma hawezi kujua kama mfupa ulio chini yake ulipokea grei 30 au 70, na kwa kutojua atang'oa kwa haraka au atamrudisha mtu nyumbani na usaha wake.