Kofia za sufu kwa wanafunzi wa milimani: zifumwe wapi, zigawiwe vipi?

Mji wa Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huko, kama ilivyo Kisoro na kwenye miteremko ya Mlima Elgon upande wa Kapchorwa, watoto wengi huenda shule kwa miguu kabla ukungu haujaondoka mabondeni. Vichwa vyao vimenyolewa, kwa kuwa shule nyingi za Uganda huwataka wanafunzi, wasichana kwa wavulana, waweke nywele fupi sana. Kwa hiyo wanaofuma kofia za sufu, wawe wa nchini au wa ng'ambo, na kuzitoa sadaka shuleni wanajibu hitaji la kweli.

Kofia hufumwa kwa saa chache, na kwa kuwa hunyumbuka, mtoto huweza kuivaa miaka kadhaa. Sweta la shule, kinyume chake, lazima lifuate rangi na kipimo, na bei yake huwashinda wazazi wengi hata katika shule zilizo chini ya mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulioanza mwaka 1997.

Hata hivyo, tusiipe kofia sifa isiyo yake. Imani kwamba joto jingi la mwili hupotelea kichwani si sahihi. Kwa mtu mzima kichwa ni takriban sehemu moja ya kumi tu ya ngozi yote. Mtoto mwenye kofia nzuri lakini miguu mitupu na tumbo lenye njaa bado atatetemeka, na Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 imewaachia wazazi jukumu la kuwalisha wanafunzi, wazazi wale wale wasiomudu sweta. Tena kofia zikiazimwa ovyo hueneza chawa na mapunye, hivyo kila moja ishonewe jina la mwenyewe.

Linalonisumbua zaidi ni ugawaji. Kofia huonekana na kila mtu. Mwalimu akiagizwa kuchagua watoto kumi walio maskini kuliko wenzao, kisha wakaitwa mbele ya gwaride na kupigwa picha, kofia hiyo inakuwa alama ya umaskini wa nyumbani kwao, na wapo watakaoificha mkobani hata siku ya baridi kali. Ni afadhali darasa zima lipate, hata kama itabidi kusubiri muhula mwingine.

Kisha kuna suala la mikono inayofuma. Agosti 2023, akiwa Mbale, mashariki mwa Uganda, Rais Museveni alitangaza marufuku ya mitumba, kwa hoja ya kulinda viwanda vya nguo vya nchini. Kofia mpya iliyofumwa Uingereza si mtumba, lakini nauli ya kuisafirisha ingeweza kununua uzi na kumlipa mama wa hapa hapa anayejua kufuma. Wanaopinga hoja hii husema kwamba bibi wa ng'ambo anayetoa kazi ya mikono yake si lazima angetoa fedha badala yake. Ni kweli, na zawadi yake ipokelewe kwa heshima. Ila vikundi vinavyochangisha fedha kwa jina la watoto wetu havina udhuru huo: vinunue uzi Kabale au Mbale, viwalipe wafumaji wa huko, na kabla ya sindano ya kwanza kushikwa vikae na mwalimu mkuu na kamati ya shule kujua rangi inayokubalika, idadi ya watoto, na kama kofia ndiyo wanayoihitaji kwanza au ni sweta.