Jina la Mtoto wa Tatu Ni Zamu Yangu

Mimi naitwa Mashaka. Usinipe pole, nimeshazoea. Nilizaliwa mwaka wa njaa, bibi akasema huyu ni Mashaka, baba akaitikia, na kikao cha jina kikafungwa hapohapo. Nikienda kukopa, karani anasoma jina, ananitazama, anasoma tena, kisha anauliza mdhamini yuko wapi. Nilipopeleka posa, upande wa pili walikohoa mpaka wakaletewa maji. Na kazi yangu ni fundi baiskeli, hapa Ngamiani. Hebu niambie ukweli: wewe ungemwachia Mashaka breki zako?

Ndiyo maana mke wangu alipojifungua tena mtoto wa kiume, nikaweka mguu chini. Wa kwanza, Omari, alipewa jina na upande wangu. Wa pili, Hamisi, upande wa mke wangu. Huyu wa tatu ni zamu yangu, na mimi nataka jina lililosomwa. Tuko Tanga bwana! Shaaban Robert, yule mwandishi na mshairi, kazaliwa hapo Machui mwaka 1909, na kaburi lake liko hukohuko. Ukiwa na baiskeli nzima, siyo haya machuma mnayoniletea, unafika kabla jua halijawa kali. Watu tumekaa jirani na bahari ya maneno kiasi hicho, halafu watoto wetu tunawapa majina ya washambuliaji wa Ulaya na mabwana wa tamthilia za Kituruki.

Mke wangu akanisikiliza mpaka mwisho. "Sawa, Baba Omari, chagua. Ila siku ya saba hiyo mlangoni, na mbuzi wa akika hujawaona hata mkia." Akika ni kumchinjia mtoto siku ya kumpa jina, na wa kiume ni mbuzi wawili. Hilo halihitaji kitabu, limo kichwani mwake usiku na mchana.

Nikaanza na Shaaban mwenyewe. Baba mkwe akahesabu miezi kwa vidole, akasema mtoto kazaliwa Mfunguo Tatu, miezi minne baada ya Shaabani, ukimwita Shaabani watu watadhani mimba imepitiliza. Tena hapa mtaani ukiita "Shabani!" nusu ya baraza inageuka na nusu nyingine inauliza yupi. Nikasema basi tuchukue nusu ya pili, Robert. Mzee akaweka kikombe chini, taratibu, kama mtu anayetafuta fimbo. Nikamkumbusha kwamba yule bwana alikuwa Mwislamu kamili na Robert wake, na tenzi akatunga. Akasema, "Na huyu akishatunga tenzi tutamwongezea Robert."

Nikahamia kwa Adili. Jina tamu, fupi, halimtishi karani wa mkopo. Kosa la yule mwandishi ni kuandika *Adili na Nduguze*, maana wanangu nao ni watatu. Omari yuko darasa la sita, anasoma chochote kilichoandikwa, hata karatasi ya vitumbua. Akanidaka mbele ya watu: "Baba, si ndiye yule liwali anayewachapa manyani wawili kwa kiboko kila usiku, halafu analia?" Nikasema ndiye. "Na wale manyani si kaka zake, Hasidi na Mwivu, waliomtosa baharini kwa wivu, jini akawageuza?" Nikaanza kutafuta spana ambayo haikuwa imepotea. "Kwa hiyo mimi na Hamisi ndio manyani?" Hamisi, ambaye hata hadithi haijui, akaangua kilio. Mama yao hakusema kitu. Alinitazama tu, na nyie mnalijua lile tazamo.

Lakini niseme la moyoni: yule mzee wa Machui alitupunguzia kazi. Kitabuni mwake mtu akiitwa Majivuno, ukurasa hauishi kabla hajakuudhi. Laiti na hapa mtaani majina yangetolewa hivyo! Huyu aliyeniachia baiskeli tangu kabla ya Ramadhani, na kila nikimpigia anasema kesho, angekuwa Kesho bin Keshokutwa, imo kwenye kitambulisho, na mimi nisingechukua kazi yake. Fundi wetu wa umeme angeitwa Nipo Njiani. Mwenye nyumba naachia hapohapo, kodi sijalipa.

Utubora, wa *Utubora Mkulima* cha mzee huyohuyo, nilimtaja mara moja tu. Mke wangu akauliza kazi yake nini. Nikasema alikuwa na kazi nzuri mjini, akaiacha, akaenda kulima. Akasema hapana kabla sijafika kwenye jembe.

Nikapeleka suala kijiweni, kosa ambalo mtu mzima hafanyi. Kahawa, kashata, na kila mtu ghafla ana shahada. Mmoja akataka Msa, yule mpelelezi wa vitabuni, wa Unguja, na kiko chake. Mtoto anayechunguza! Mimi sitaki mtoto anayechunguza, nina mambo yangu. Mwingine, wazee wa bao hawa, akagonga ubao: "Mpe Liyongo!" Hapo nikasisimka. Fumo Liyongo, shujaa wa hadithi za kale za pwani, jitu, mshairi, upinde begani, silaha hazimwingii. Nikarudi nyumbani nimetanua kifua, nikalitangaza.

Mama mkwe alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata kichwa. "Mwanangu, Liyongo aliuawa na nani?"

Nikanyamaza.

"Mtoto wake wa kumzaa," akasema. "Akadanganywa na sultani. Akamchoma baba yake kitovuni kwa sindano ya shaba, kalala." Akatoa chuya, akaitupa. "Na wewe mchana kutwa umelala pale chini ya mwembe, shati wazi, kitovu nje."

Tangu siku ile nafunga vifungo.

Shemeji yangu naye akapiga simu kutoka Dar. Yeye watoto wake wako shule za Kiingereza, hata kuku wake nadhani anawika kigeni. "Shem, mpe jina la kimataifa. Hamlet, au Julius, wote wa Shakespeare." Hamlet nikalikataa palepale, baba wa huyo keshakufa mchezo haujaanza. Huyu Julius nikamwambia namfahamu kwa Kiswahili. Mwalimu Nyerere alimtafsiri mwaka 1963, akampa lugha safi kabisa, lakini visu hakumwondolea hata kimoja. Mbona kwenye vitabu kila mwenye jina kubwa anachomwa? Shemeji akasema mtandao unasumbua, akakata.

Basi nikabaki na Karama, wa *Kusadikika*, kitabu kingine cha Shaaban Robert. Mnaikumbuka ile nchi inayoelea hewani? Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria. Hana silaha, hana mjomba serikalini. Ana mdomo wake tu. Anasimama mbele ya mfalme, anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, mpaka mbinguni, mpaka ardhini, wakarudi na faida nchi ikawatia gerezani. Anaongea, anaongea, na anatoka huru. Hakuna kitovu, hakuna nyani.

Nililieleza hivyo sebuleni nimesimama. Baba mkwe akasema jina lina baraka, halina ubishi. Mke wangu akasema mtoto mwenyewe tangu azaliwe anajitetea usiku kucha, litamfaa. Halafu akalitamka lote kama litakavyosomwa shuleni: "Karama Mashaka." Akacheka mpaka akamkabidhi mtu mtoto. Nikasema cheka, lakini mashaka yamekaa nyuma, karama imetangulia. Mama mkwe ndiye aliyebaki. Alitaka jina la marehemu kaka yake, alishalitangaza kwa majirani, na alikuwa ameanza kusema mahakama ya nyumba hii inahukumu bila kusikiliza wazee. Akatoa sharti hili, akatoa lile, mbuzi wawe hivi, pilau iwe vile, na jina asiandike mtu mpaka yeye aridhie. Tukakubali yote. Akavuta ushungi, akasema haya, na awe huyo Karama.

Sebule ikatulia. Omari akafunga kitabu.

"Baba, na humu nyumbani Waziri Majivuno ni nani?"

Nikamtuma maji. Ndoo zote mbili, na bomba la mbali.