Kimeng'enya Kilichoanzia kwa Kuku

Historia ya kimeng'enya kiitwacho Src husimuliwa mara nyingi kuanzia mwaka 1976, lakini kwa maoni yangu anayeanzia hapo humnyima msomaji sehemu iliyo muhimu zaidi, yaani ile miaka mingi ambayo wataalamu wengi hawakuitilia maanani habari yenyewe. Mwaka 1911, Peyton Rous wa Taasisi ya Rockefeller mjini New York alisaga uvimbe wa saratani uliotoka kwa kuku, akauchuja kwa chujio lisilopitisha seli hata moja, kisha akawadunga kuku wazima maji yaliyopatikana, nao wakaota uvimbe wa namna ileile; kilichopita kwenye chujio kilikuwa virusi. Wengi walisema hayo ni ya kuku, hayamhusu binadamu. Rous alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 87.

Hoja kwamba hayo ni ya kuku tu ilivunjwa na watafiti Bishop, Varmus na wenzao mwaka 1976, walipoonyesha kwamba jeni ambayo virusi vya Rous huitumia kuleta saratani imo katika seli za kuku mzima, na kwamba virusi ndivyo vilivyoichukua humo. Sisi binadamu pia tunayo.

Miaka miwili baadaye ilibainika kwamba protini itokanayo na jeni hiyo, yaani Src yenyewe, ni kinasi, yaani kimeng'enya kinachobandika fosfeti kwenye protini nyingine. Wakati huo ilidhaniwa kwamba kinasi hubandika fosfeti kwenye serini na threonini tu, mbili kati ya asidi amino zinazounda protini. Mwaka 1979, Tony Hunter wa Taasisi ya Salk, California, alipokuwa akitenganisha asidi amino za protini nyingine kwa umeme, alitumia mmumunyo wa zamani ambao pH yake, yaani kipimo cha uasidi, ilikuwa imeshuka kutoka 1.9 hadi 1.7. Tofauti hiyo ndogo ilitenga doa lililokuwa likijificha ndani ya jingine: fosfeti ilikuwa imekaa kwenye tairosini, asidi amino nyingine. Muda si mrefu ikathibitika kwamba Src nayo hufanya vivyo hivyo. Siridhiki tukio hili linapoitwa bahati tu, kwa kuwa mtu mwenye haraka angelipuuza doa lile na kurudia jaribio kwa mmumunyo mpya.

Imatinibu, dawa ya aina moja ya saratani ya damu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, huzuia Abl, kinasi ya tairosini iliyo jamaa ya Src. Dasatinibu, iliyofuata mwaka 2006, huzuia Abl na Src zote mbili, miaka 95 baada ya kuku wa Rous.