Kolesteroli iko juu: nani ameze dawa?

Kambi za kupima afya zimewazoesha watu kurudi nyumbani na karatasi ya maabara, na anayeambiwa mafuta yamezidi hapungukiwi washauri. Huyu atasema anza vidonge leo leo. Yule atasema achana na dawa, kunywa maji ya moto na limau. Limau silijibu.

Hoja ya vidonge ina uzito. Utafiti wa nchi za Skandinavia uliochapishwa mwaka 1994, kwa wagonjwa 4,444 wa moyo, ulionyesha kuwa simvastatini, mojawapo ya dawa za kushusha kolesteroli ziitwazo statini, ilipunguza vifo kwa takriban asilimia 30. Kwa aliyewahi kupata shambulio la moyo, au kiharusi cha mshipa kuziba, sioni cha kubishania. Wapo wanaoacha dawa kwa sababu kipimo kimeshuka. Kimeshuka kwa kuwa wanameza!

Ubishi wa haki unamhusu asiyeumwa. LDL, ile kolesteroli mbaya, ikishuka kwa milimoli 1 kwa lita, matukio ya moyo na kiharusi hupungua kwa karibu moja ya tano. Moja ya tano ya nini, basi? Mwenye hatari ya asilimia 20 ya kupata tukio kama hilo katika miaka kumi atateremka hadi 16. Mwenye asilimia 3 atafika 2.4, na kwa faida hiyo atameza kidonge kila siku. Ndiyo maana mwongozo wa Marekani wa 2022 kwa wasio na historia ya ugonjwa wa moyo huanzia kwa watu wa miaka 40 hadi 75 wenye kihatarishi kama presha, kisukari au sigara, na hatari ya asilimia 10 au zaidi.

Madhara nayo yapo: statini huongeza kidogo uwezekano wa kisukari. Maumivu ya misuli yamekuzwa mno. Uingereza, watu walioacha statini kwa madhara walipopewa vidonge visivyo na dawa ndani yake, takriban asilimia 90 ya usumbufu ule ule ulijitokeza.

Hata hivyo hesabu za hatari nazo hukosea. Jaribio la REPRIEVE, lililohusisha watu 7,769 wenye VVU, wakiwemo wa Uganda, lilichukua watu ambao hesabu hizo ziliwaona na hatari ndogo au ya wastani, na wengi wao LDL haikuwa ya kutisha. Pitavastatini, statini nyingine, ilipunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 35.

Kwa zahanati zetu ningeanza na mashine ya presha. WHO ina chati inayokadiria hatari bila maabara: umri, jinsia, sigara, presha na uzito kwa urefu. Kipimo cha mafuta kifuate kwa mwenye sababu, hasa ambaye mzazi au ndugu yake alipata ugonjwa wa moyo akiwa kijana. Kolesteroli ya kurithi humpata takriban mtu 1 kati ya 250. LDL ikifika milimoli 4.9 kwa lita, hesabu ya miaka kumi haihitajiki: dawa ianze, na watoto na ndugu wa tumbo moja nao wapimwe.