Nipimie ya mia tano

Juzi nimetoka zamu ya usiku saa moja asubuhi, baridi imenikaza vidole. Nikaingia mgahawa ulio karibu na kituo cha basi, nikaagiza kahawa kikombe kimoja, pauni 3.80. Kwa shilingi zetu hiyo ni zaidi ya 12,000. Kahawa yenyewe ilikuwa nzuri, sina la kuisema. Nikaketi dirishani, nikanywa, nikaondoka. Mtu pekee aliyesema nami ni binti wa kaunta, aliyeniuliza jina ili aliandike kwenye kikombe.

Huu ni mwaka wa tisa naishi Leeds, Uingereza. Nimezaliwa na kukulia Chang'ombe, Dodoma. Ndugu wakiniuliza ninakosa nini huku hutarajia nitaje mambo makubwa: mama, jua, misiba niliyoshindwa kuhudhuria. Hayo yapo, na yanauma. Lakini ninachokikumbuka karibu kila siku ni kitu kidogo: kupimiwa. Kusimama mbele ya muuzaji nikasema "nipimie ya mia tano", naye akapima bila kuniuliza kwa nini si ya elfu.

Kahawa ileile, kijiweni kwetu, inakaa kwenye birika la shaba juu ya jiko la mkaa, kitako kimeshaiva weusi wa miaka mingi. Vikombe vyake ni vidogo, havizidi sana yai la kuku. Mzee anavisuuza kwenye ndoo, anavigonganisha viwili kiganjani, ka-ka-ka, na huo ndio wito wake mtaa mzima. Nilipokwenda likizo mwaka 2024 kikombe kilikuwa shilingi 100, kashata nayo 100. Kahawa ni chungu kwelikweli, haina sukari. Utamu wote uko kwenye kashata. Unamega kipande, unapiga funda, unaacha karanga na uchungu vikutane ulimini, unamega tena. Ukiwa na 300 umekaa nusu saa, umesikia habari za mechi, za Bunge, za nani kauza kiwanja Nkuhungu. Siku ukiwa huna hata mia, mtu atasema "mpe na huyu", na hakuna atakayeihesabu kuwa deni.

Huku kila kizuri kina kipimo kilichokwisha kuamuliwa na mtu mwingine. Pakiti ni pakiti. Ukitaka kipande kimoja cha keki unachukua kile walichokikata wao, kwa bei waliyoibandika wao. Hakuna wa kumwambia "nikatie nusu". Asiye na pauni 4 hanywi kahawa ile, basi.

Zabibu ndizo zinanigusa zaidi, maana mtu wa Dodoma ukimgusa kwenye zabibu umemgusa kwao. Dukani Leeds zipo mwaka mzima, kwenye visanduku vya plastiki: mwezi huu zimetoka Afrika Kusini, mwezi ule Misri au Hispania. Hazina mbegu, zimelingana kama shanga, na ni tamu. Nanunua, watoto wangu wanazipenda. Lakini watoto hao hawajui kwamba zabibu huwa na msimu, kwamba kuna wiki ambazo mji mzima unazingoja. Kwetu mzabibu unavunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo wenzangu kazini hawakuliamini nilipowaeleza. Mizabibu ya Ulaya hupukutisha majani na kulala majira ya baridi. Ya kwetu hailazwi na baridi, kwa hiyo mkulima ndiye anayeiamsha kwa mkasi. Baba mdogo ana ekari moja Mpunguzi. Akishapogoa, shamba linabaki vijiti vitupu na vumbi jekundu, ungedhani limekufa, kisha machipukizi yanatoka.

Msimu ukifika, akina mama wanakaa barabarani na masinia. Nakumbuka nilivyonunua mara ya mwisho. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, onja kwanza." Akanipa kishada kidogo chenye punje tano, zina ukungu ule mweupe wa ngozi na vumbi la Dodoma juu yake. Nikazifuta kwa kidole. Ngozi nzito, mbegu mbili au tatu ndani, ukali kidogo mwanzoni halafu utamu unaokuja taratibu. Nikamwambia anipimie ya elfu moja. Akapima, akafunga, kisha akachomoa kishada kingine akaweka juu. Nyongeza. Neno hilo nimejaribu kumfafanulia jirani yangu Mwingereza nikashindwa, kwa sababu alidhani ninazungumzia punguzo la bei. Punguzo ni la kila mteja anayepita siku hiyo, hata asiyesalimia. Nyongeza yule mama alinipa mimi, baada ya salamu, kwa mkono wake.

Ubuyu nao una habari yake. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wa ubuyu kuuzwa kama chakula kipya. Kwa Mgogo aliyekulia chini ya mbuyu, kusikia ubuyu ukiitwa chakula kipya ni jambo la kushangaza kidogo. Mwaka jana nikaukuta kwenye duka la vyakula vya afya hapa mjini, kopo dogo, pauni 9. Nikanunua, nikakoroga na maji na sukari jioni hiyo, na kweli ulikuwa ubuyu. Nilinyamaza kwa muda mrefu pale jikoni.

Tulipokuwa shule ya msingi barafu ya ubuyu ilikuwa shilingi 50. Mara nyingi tulikuwa watatu na hamsini moja. Mmoja anatoboa kona ya kifuko kwa jino, anafyonza, mwingine ameshika kidole mahali ambapo zamu inaishia, na barafu ikifika kwenye kidole unatoa. Tulikuwa na haki kamili katika jambo hilo. Hamsini moja ilitosha raha ya watu watatu, na sijawahi kupata tena kitu cha bei hiyo kilichofika mbali kiasi kile.

Niseme na upande wa pili, maana sitaki kuwadanganya vijana walioko nyumbani. Mama alikuwa akinituma dukani na chupa tupu nikapimiwe mafuta ya kula na mafuta ya taa. Nilipokua nikapiga hesabu: kwa mwezi tulilipa zaidi ya jirani aliyenunua dumu la lita 5 kwa mara moja. Asiye na hela alinunua ghali kuliko mwenye nazo. Hilo silisifu, na mtu akija na njia ya kumwezesha mama wa Chang'ombe kununua mafuta kwa bei ya jumla nitampigia makofi. Mahitaji ya lazima yakipimwa kidogokidogo yanamkamua maskini. Starehe ni kitu kingine. Kahawa, kashata, zabibu, kipande cha nyama: hapo kupimiwa ndiko kunakomwezesha mtu kuonja alichokuwa amekikatia tamaa.

Na Uingereza ina raha zake za bei ndogo ambazo ningependa tuwe nazo. Maktaba ya mtaa wetu inatoa kadi bure na vitabu bure. Wanangu wanarudi na mfuko mzima kila Jumamosi. Bustani za umma zina mabenchi na nyasi, hakuna anayekufukuza. Koti ninalovaa kwenye theluji nimelinunua pauni 6 kwenye duka la hisani, wanakouza nguo walizopewa na watu. Nguo kama hizo nyingi zisizouzika huku hufungwa marobota na kusafirishwa nje, na Afrika ni mojawapo ya sehemu zinakopelekwa. Kwa hiyo mimi na kaka yangu anayechagua mitumba Sabasaba huenda tunavaa kutoka kabati moja.

Likizo ile ya 2024 nilipanda treni ya umeme kutoka Dar es Salaam, ndiyo kwanza imeanza safari za Dodoma. Chini ya saa nne nimefika. Kwa basi ilikuwa siku nzima. Naishukuru treni ile kwa moyo wote, mama yangu sasa anakwenda kliniki Dar bila kuvimba miguu. Ila nilikaa kwenye kiti changu nikitazama nje, nikajikuta natafuta Gairo, ambako basi likisimama viazi vitamu vinapanda dirishani kwenye mabeseni, mayai ya kuchemsha na chumvi yake kwenye kikaratasi, unanunua yai moja tu na safari inaendelea.

Jumamosi yake baba mdogo akanipeleka mnadani Msalato. Tukachagua mguu wa mbuzi, ukapimwa, ukaenda motoni, tukakaa kwenye benchi tukingoja huku upepo unapeperusha moshi kila upande. Akaja kijana, viatu vina vumbi la kuswaga mifugo, akamkabidhi mchomaji noti ya elfu moja. "Kaka, nikatie ya hii." Mchomaji akakata kipande pajani, akakikatakata vidogo, akaweka chumvi, ndimu na pilipili pembeni. Akakitazama kile kipande, kisha akarudisha kisu, akaongeza ubavu mmoja. Kijana akaja akakaa benchi letu, akasema karibuni, akasukuma karatasi katikati.