Pauni Milioni 21 Zilizogeuka 7.5: Mgonjwa wa Asbesto Ashtaki au Asubiri Mfuko?

Desemba 2001, Cape, kampuni ya Uingereza iliyochimba asbesto (madini yenye nyuzi, yaliyotumika hata kuezekea mapaa), ilikubali kuwalipa wagonjwa wa Afrika Kusini pauni milioni 21. Walikuwa watu walioifanyia kazi kwenye asbesto ya bluu ya Prieska, Rasi ya Kaskazini, na asbesto ya kahawia ya Penge, katika jimbo ambalo leo linaitwa Limpopo, pamoja na majirani waliovuta vumbi hilohilo bila kuajiriwa na mtu. Fedha hazikutoka. Mwaka 2003 wakasaini upya, na safari hii Cape ilitoa pauni milioni 7.5. Walalamikaji walikuwa kama 7,500. Ukigawa sawa kwa sawa ni pauni elfu moja kwa kila mmoja, kabla ya nyongeza kutoka Gencor, kampuni ya madini ya hukohuko Afrika Kusini.

Wapo wanaoitaja kesi hii kila inapozungumzwa fidia ya magonjwa ya kazini. Wanasema mahakama si mahali pa mtu mwenye mapafu mabovu. Afadhali mfuko wa fidia unaolipa kidogo, lakini unalipa. Hoja hiyo ina uzito. Nyuzi za asbesto hukaa pafuni miaka 20, 30, hata 40 kabla ugonjwa haujajitokeza. Asbestosi hukausha mapafu taratibu hadi mtu anatweta kwa kuvaa shati. Mesotelioma, saratani ya utando unaofunika mapafu, mara nyingi humchukua mgonjwa mwaka mmoja tu, au zaidi kidogo, baada ya kugunduliwa. Sasa mwambie mtu huyo asubiri tarehe ya kusikilizwa.

Kesi ya Cape ilianza 1997, na hadi Julai 2000 kilichokuwa kimeamuliwa ni kimoja: isikilizwe nchi gani. Kampuni ilitaka iende Afrika Kusini. Migodi ilikuwa huko, mashahidi huko, madaktari huko; na kweli, kwa nini mahakama za London zijifanye hakimu wa Waafrika, kana kwamba nchi zao hazina majaji? Hoja hiyo ingenishawishi, lakini Serikali ya Afrika Kusini yenyewe iliingia katika shauri kuwaunga mkono wagonjwa. Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, liliona kuwa kwa kukosa msaada wa kisheria na mawakili wenye uwezo wa kubeba kesi ya watu maelfu, kuirudisha huko kungekuwa kuwanyima haki. Mamia ya walalamikaji walifariki kabla ya mambo kwisha.

Upande wa kampuni una hoja nyingine ambayo watetezi wa wagonjwa hawapendi kuijadili. Ukiikamua kampuni hadi ife, atakayeugua miaka kumi ijayo atamdai nani? Marekani waliliona hilo. Johns-Manville, kampuni kubwa ya asbesto, iliomba ulinzi wa sheria ya kufilisika mwaka 1982 kwa kuelemewa na kesi, na mfuko uliozaliwa humo ukaanza kulipa 1988. Waliotangulia walilipwa vizuri. Fedha zikapungua mno, malipo yakasimama, na kufikia 1995 mgonjwa alipewa asilimia 10 tu ya thamani ya dai lake. Wa mwisho waliugua sawa na wa kwanza.

Ila kuna neno moja ambalo mfuko hauliulizi kamwe: mlijua? Uingereza ilitunga kanuni za kudhibiti vumbi la asbesto viwandani mwaka 1931, baada ya uchunguzi wa kitabibu wa 1930, na Cape ilikuwa na kiwanda chake Barking, London. Miaka mingi baada ya hapo, Penge ilikuwa na watoto wanaoingizwa ndani ya magunia makubwa kukanyaga nyuzi ili zishindiliwe. Mwaka 1960 daktari mtafiti Wagner na wenzake walichapisha habari za wagonjwa 33 wa mesotelioma kutoka eneo la Rasi ya Kaskazini, baadhi yao watu ambao hawakuwahi kuwa wachimbaji. Cape ilibaki Afrika Kusini hadi 1979. Mimi siwezi kuuita ugonjwa huo ajali, na fidia inayohesabiwa kwa jedwali, bila mtu kuwajibika, inaufanya uonekane ajali.

Tena mifuko mizuri haikuota yenyewe. Mwaka huohuo wa 2003 uliundwa mfuko uitwao Asbestos Relief Trust, kwa randi zipatazo milioni 381 za Gencor. Unapima wagonjwa, unawapanga katika makundi manne kwa uzito wa ugonjwa, na unalipa bila kesi. Ndivyo mfuko unavyopaswa kufanya kazi. Lakini Gencor iliketi mezani kwa sababu ilikuwa imeshtakiwa.

Linganisha na sheria ya serikali ya Afrika Kusini ya magonjwa ya migodini ya 1973, ambayo humlipa aliyefanya kazi ya hatari mgodini na kumwacha mkewe aliyekung'uta ovaroli zake. Mchimbaji mmoja wa dhahabu, aliyeugua vumbi la mwamba na kifua kikuu, alilipwa randi 16,320 chini ya sheria hiyo. Akadai milioni 2.6 kwa mwajiri. Machi 2011 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba malipo yale hayakumzuia kushtaki. Alikuwa amefariki siku chache kabla.

Kwa hiyo mimi nauchukua mfuko, kwa sharti kwamba mlango wa mahakama ubaki wazi nyuma yake. Kenya imeufunga. Kifungu cha 16 cha sheria ya fidia ya 2007 kinamzuia mfanyakazi kumshtaki mwajiri moja kwa moja kwa ajali au ugonjwa wa kazini, na Mahakama ya Juu ilikithibitisha Desemba 2019. Kwa aliyevunjika mkono kiwandani, huenda ni nafuu: hahitaji kuthibitisha kosa la mtu. Kwa asbesto sioni nafuu hiyo. Kenya ilipiga marufuku asbesto 2006, na mapaa ya zamani bado yanabomolewa, pengine na vijana wa kibarua waliofunga leso puani. Ugonjwa wao, ukija, utakuja miaka ya 2050. Afisa wa fidia atawauliza mwajiri alikuwa nani na walifanya kazi hiyo lini, na fundi aliyewaita asubuhi ile kwa simu aliwalipa taslimu jioni, hakuandika jina la mtu.